Papa wa Kakuma

Dada Akuwam,

Nimeenda Kerio kuchukua samaki. Chai iko kwenye thamosi. Leo mama yake Abigael anakuja kumchukua waende Kakuma, vile korti ilisema.

Asubuhi mtoto ameniuliza kama Papa Hilaire atakuwa huko. Papa! Nimegonga meza mpaka akalia. Akaniambia ati kwao Hilaire, huko Kongo, kila mwanaume mzima anaitwa papa. “Hata wewe wangekuita hivyo.” Sitaki! Huyo bwana ameshachukua mke wangu, hilo jina la nini tena?

~~Mwambie mama yake mtoto anaumwa.~~

Hapana, aende. Amemngoja mama yake wiki mbili.

Viatu vipya viko juu ya kabati, mvalishe. Huko wakiuliza nani amenunua, aseme baba.

Baba Abigael