Mashine Niliyoiosha Mara Saba

Anderlecht, Jumapili, Januari 1998

Manyunyu tangu alfajiri, yale yasiyonyesha wala yasiyokoma. Nimefunga, nina njaa na nina hasira. Hasira ndiyo kubwa.

Idd imebaki siku nne au tano, kutegemea mwezi. Tangu tufike Brussels, miaka minne sasa, sambusa za Idd za watu wetu wa Bujumbura nazipika mimi. Mama yangu ndiye aliyezipika kule mtaani kwetu Buyenzi, na baada yake ni mimi. Watu wakiingia ukumbini tunakosherehekea huulizia sahani yangu kabla hawajavua makoti. Kwingineko katika mji huu mimi ni mwanamke wa kufagia maofisi tu.

Lakini kifundo cha mkono wangu wa kulia kimekwisha. Ndoo na mafagio yamekimaliza. Mwaka jana kusukuma manda, zile karatasi za unga za kufungia nyama, kulinitoa machozi, na wifi yangu Zuhura aliniona. Tangu hapo ananivizia. Wiki iliyopita akasema mbele ya wanawake wote: "Bon, maman Aziza amechoka. Mwaka huu tununue manda ya duka, sambusa nitapika mimi."

Nikajibu kwamba nina mashine.

Na kweli ninayo. Nilipewa na Madame Ines, mjane wa Kitaliano anayekaa chini yetu. Ni mashine ya kutengenezea tambi: chuma kinachong'aa, rola mbili, mkono wa kuzungushia, na kitufe cha namba cha kupangia unene. Unaingiza donge, linatoka jembamba kama kitambaa. Yeye vidole vyake vimepinda, hawezi tena. Nilipoipokea niliona Mungu amenisikia.

Kisha nikaiharibu mwenyewe. Naandika hapa kwa sababu kwa Zuhura sitasema.

Madame Ines anakula nguruwe. Simlaumu, ndicho chakula chao. Lakini unga wa Idd ningeupitishaje kwenye chombo cha nyumba ile? Nikafanya kama tulivyofundishwa chuo cha Kurani: najisi nzito huoshwa mara saba, mara moja kati ya hizo kwa udongo. Udongo nikauchota kwenye chungu cha maua dirishani. Nikaitumbukiza mashine nzima ndani ya ndoo, nikasugua, nikahesabu hadi saba. Nikaianika juu ya radieta ya kupashia chumba joto nikaenda kulala nimeridhika, kama mtu aliyerudi hija.

Juzi nilipoizungusha, ililia. Mkono wake ukagoma katikati. Unga ukatoka na michirizi myeusi, upande mmoja mnene, upande mwingine umechanika, na nilipoupapasa nikagusa mchanga.

Mchanga! Ndani ya sambusa ya Idd! Zuhura angeisimulia mpaka kwa wajukuu.

Baba Aziza akaitazama mara moja. "Tupa hiyo kitu, tutatafuta ingine après."

Ingine. Kila kitu kikitukwamia tunaambiwa ingine. Nyumba ingine, kazi ingine, nchi ingine. Nimechoka na ingine. Hii sitaitupa.

Leo asubuhi nikashuka nayo ngazi. Madame Ines aliona kutu akashika kichwa, akauliza kama nimeitia maji. Nikakiri yote kwa Kifaransa changu cha kuungaunga: nguruwe, mara saba, udongo wa maua. Nikangoja acheke au anifukuze.

Aliigusa rola kwa kidole kilichopinda. Kisha akasema mashine hiyo haijawahi kuguswa na nyama. Ni unga na mayai tu, tangu aolewe. Nyama huwekwa mezani baadaye, kwa kijiko.

Ningeuliza mara moja, nisingeosha mara saba.

Niliona aibu, sikatai. Lakini si aibu ya kuosha. Kwa kutaka chombo safi sitamwomba mtu radhi, si hapa wala kwetu. Aibu yangu ni kwamba nimekaa juu ya kichwa cha yule mama miaka minne, nikijiona najua kila kilichopita jikoni mwake.

Akanifundisha. Mashine hii haioshwi. Maji yakiingia kwenye meno ya ndani yanaleta kutu, na unga ukilowa unageuka gundi. Husafishwa kavu. Yeye alikaa kitini akaamuru, mimi nikawa mikono yake. Tukafungua skrubu za ubavuni. Ndani, meno yamejaa tope lililokauka, tope la maua yangu mwenyewe! Tukalitoa kwa mswaki mkavu na kijiti cha mshikaki. Mwisho wa rola moja kulikuwa na kijiwe kidogo kama punje ya ulezi, kimejibana pale kimeipinda. Hicho ndicho kilichofanya unga utoke mnene upande mmoja. Nilikichokonoa kwa sindano dakika kumi nzima, mkono wa kulia ukiniuma hadi begani, na sikukiachia.

Halafu matone mawili ya mafuta meupe ya duka la dawa, kila mwisho wa rola. Halafu donge la unga wa kutupwa, likapitishwa, likatupwa, likaletwa jingine. La kwanza lilitoka jeusi, la tatu kijivu. La saba likatoka jeupe.

Nilikuwa nahesabu. Kumbe naye alikuwa anahesabu. Alicheka mpaka akakohoa.

Naendelea usiku. Zuhura alikuja kufuturu kwetu, na pakiti ya manda ya duka mkononi, "kwa kukusaidia." Nikampakulia sambusa nilizopika mchana kwa manda ya mashine. Yangu niliiuma polepole nikisikiliza meno. Hakuna kitu. Nyama, kitunguu, na manda inayovunjika kama inavyopasa. Nilitaka kulia, nikanywa maji.

Zuhura alikula tatu. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: hakuficha kwamba zimemnogea.

"Alors, hii manda umesukuma na mukono gani?"

"Wa kushoto," nikamwambia.

"Wa kushoto? Kwa chakula ya batu?"

"Ndio Mungu aliniachia."

Akachukua ya nne, na alipoondoka aliondoka na pakiti yake.

Najua kifundo hakitapona. Najua mwakani atanivizia tena. Anivizie. Mashine iko juu ya kabati, kavu, imefunikwa kitambaa, na ubavuni nimebandika karatasi yenye herufi kubwa: HAIOSHWI. Si kwa ajili ya Zuhura. Ni kwa ajili yangu, maana najijua.

Siku ya Idd sahani ya kwanza itashuka ngazi kwa Madame Ines. Zilizobaki zitaingia ukumbini, na nitaziingiza mimi.