Mshahara Niliotaja Mwenyewe

Mjukuu wangu Mwende,

Huku Kalamba tuko salama, mama yako amemaliza kuvuna pojo. Unaniuliza utaje mshahara gani kwenye intavyu ya maabara.

Mimi nilitoka maabara ya hospitali Kitui nikaenda kupima maziwa kiwandani. Walipouliza nataka ngapi, nikataja mara mbili ya hospitali, nikajiona mjanja. Meneja akakubali hapo hapo. Mwaka uliofuata akaajiriwa Mutua, nikamfundisha kutumia hadubini. Siku moja akasema anacholipwa: mara tatu yangu! Chupa ya maziwa ilinitoka mkononi.

"Mbona hukuniambia?"

"Si hukuniuliza, mwalimu."

Mpaka leo sijasahau vile meneja alikubali haraka.

Mutua amestaafu, lakini bado anajua maabara zinalipa ngapi. Namba yake iko nyuma ya barua. Mpigie kwanza, ndio utaje.

Susu wako