Fidla ya Norman

Dervla! Dervla, uko wapi?

Tulikuwa baa tukipiga muziki kama kila Jumatano, Wakatoliki na Waprotestanti duara moja. Akaingia jamaa kaficha uso. Ni wa lile genge lililochora bunduki ukutani pale kona.

Akasema: "Huu mtaa wa Waprotestanti. Mkatoliki aliyemo humu atoke, la sivyo tunaichoma baa na nyie mkiwa ndani."

Na unajua kamnyooshea nani kidole? NORMAN! Eti kwa sababu ndiye kashika fidla, kana kwamba fidla ni ya Wakatoliki na ngoma ni ya Waprotestanti! Malachy, Mkatoliki mwenyewe, yuko kando yake kapakata ngoma!

Shoga yangu, Norman! Yule yule wa maandamano ya Waprotestanti kila Julai na mkanda wake wa rangi ya chungwa begani! Aliyesusa harusi ya dada yake kwa sababu imefungishwa na padri!

Nikajua atakana. Neno moja tu lingemtosha.

Akaiweka fidla mapajani. "Ndiyo, ni mimi. Na sitoki. Umetukatizia wimbo, kwa hiyo kaa usikilize au ufunge mlango ukitoka."

Sitoki! Kasema SITOKI!

Jamaa katukodolea macho. Hakuna aliyeinuka. Akatutukana weee, mwisho akaondoka.

Norman akaenda kufungua madirisha yote, mtaa mzima usikie.

Malachy, machozi yanamlengalenga, akamwambia: "Basi Jumapili twende wote misa."

"Usinizoee," Norman akamjibu. "Piga ngoma, Mprotestanti wewe."