Mama, Kopo la Uyoga Tumelifungua

Mwaka umetimia, mama yetu Bang Jeom-rye, tangu asubuhi ile ulipoinama kuvaa viatu mlangoni pa nyumba yetu hapa Gwangju na hukuinuka tena. Wengine kwenye ukurasa huu wa kumbukumbu wanawaambia marehemu wao maneno matamu, na sisi tulikuwa tumeshaandaa ya kwetu. Hatutayasema yote. Tumekasirika, Mama, na aliyekasirika kuliko wote ni mkwe wako Seon-hui, na safari hii ana haki.

Ulikuwa mwema, hilo hatukunyang'anyi. Mleta vifurushi hakuwahi kuondoka mlangoni kwako bila kiazi kitamu cha moto mkononi. Kila msimu wa kuchachusha kabichi za kimchi, ulikuwa ukiwamenyea vitunguu saumu majirani wa ghorofa nzima, umekaa sakafuni na redio yako, ukigombana na watangazaji. Seon-hui alipojifungua Da-on, ulimpikia mchuzi wa mwani mwezi mzima, ukamletea kitandani, naye alikuwa akiunywa huku machozi yanamtoka kwa utamu wake.

Sasa haya mengine. Siku ya kwanza Seon-hui kuingia jikoni kwako, bibi harusi mbichi, ulionja mchuzi wake, ukaweka kijiko chini, ukawaambia shangazi wa Naju waliokuja kumtazama: "Msichana mzuri, lakini mkono wake hauna ladha." Kwetu hilo si neno la kupuuza. Mwanamke ataambiwa ni mfupi, ataambiwa anakoroma, atacheka. Akiambiwa mkono wake hauna ladha, ameambiwa hafai kulisha watu. Nawe hukulisema siku ile tu. Ulilisema miaka zaidi ya ishirini, harusini na msibani, kwa sauti ya upole, kama mtu anayeeleza ugonjwa wa mtoto.

Na alijitahidi, Mungu anajua. Alikuwa akikaa kila Jumapili kung'oa vichwa na matumbo ya dagaa wakavu, akawachemsha na mwani kwa moto mdogo, akiengua povu. Ulikuwa ukipita nyuma yake, unafunua sufuria. "Umechemsha maji, mwanangu?" Akikuuliza wewe mwenyewe unatia nini, unajibu: "Uyoga wa mlimani, nausaga kwa mkono wangu. Lakini si uyoga huo, ni mkono." Mwanao Gyu-cheol, mume wake, anainamisha kichwa kwenye wali wake, anaendelea kula.

Ndipo alipochoka kushindana nawe kwenye uwanja wako, akaanza kupika vyake. Kuku wa pilipili nyekundu na asali na jibini juu. Kimchi ya zamani ndani ya mkate. Tambi za Kitaliano kwa krimu na ile soya yako iliyochachuka. Da-on alikuwa akilamba sahani. Siku ya tambi ulikuwa na wageni, ukazisukuma kwa ncha ya kijiti cha kulia.

"Hii ni nini?"

"Tambi, Mama. Nimetia soya yako na krimu kidogo."

"Soya yangu imekukosea nini? Chakula hiki hakina ukoo. Baba yake nani?"

Wageni wakacheka. Seon-hui naye akacheka, maana mkwe afanye nini? Kisha akaenda kuosha vyombo, bomba amelifungua mpaka mwisho ili asisikike.

Tarehe ya kifo chako kwa kalenda ya mwezi iliangukia juma lililopita. Siku moja kabla, Seon-hui alikwenda kwenye friji ya kimchi kuchukua kopo lako la uyoga. Hakuwa amewahi kuligusa, kwa kuwa hukutaka liguswe. Alilamba kidogo kwenye kidole. Mtu aliyechemsha dagaa miaka yote ile haambiwi. Ule haukuwa uyoga. Ulikuwa unga wa supu wa dukani, ladha ya ng'ombe, ule wa pakiti, ambao wewe ulikuwa ukisema ni chakula cha wanawake wavivu wa Seoul. Nyuma ya pipa la mchele akazikuta pakiti zenyewe, moja imefungwa kwa mpira wa nywele wa Da-on.

Alikaa sakafuni. Vikamrudia kimoja kimoja: mchuzi wa figili uliowaliza shangazi, mboga za mwaka mpya, maandazi ya nyama yaliyosifiwa mpaka Mokpo. Na ule mchuzi wa mwani wa uzazi. Hata ule, Mama! Hakulia. Hasira ilimpanda, na hadi leo haijashuka.

Kesho yake jioni tulikuwekea meza mbele ya picha yako: samaki mzima, mapeasi, wali mweupe, na mchuzi wa nyama na figili aliopika Seon-hui kwa njia yake, nyama, figili, chumvi na subira, basi. Tulisujudu, tukakumiminia pombe ya mchele, tukakusubiri ule. Kisha tukaketi kula ulichotubakizia, kama desturi. Binti yako Gyeong-ran alikuwa amefika kutoka Mokpo na kikapu cha mapeasi na mdomo wake. Akaonja.

"Aa, wifi. Mama hayupo kweli. Siku yake moja kwa mwaka, ndiyo umempa maji haya?"

"Hukuupenda?"

"Si kupenda. Mkono ni mkono, wifi yangu. Hauazimwi."

Seon-hui akainuka. Alirudi na kopo, akalifungua mbele ya macho yetu, akachota kijiko kimoja, akakitumbukiza sufuriani, akakoroga. Akammiminia Gyeong-ran bakuli jipya.

"Onja sasa."

Gyeong-ran akaonja, akarudia kijiko cha pili. "Jamani," alisema, machozi yakimshuka, machozi ya kweli. "Ni Mama. Ni Mama mwenyewe! Uyoga wake huu!"

Seon-hui akaitupa pakiti mezani, kati ya samaki na picha yako.

"Mama yenu huyo hapo. Anauzwa duka la chini, na ukinunua pakiti mbili unapunguziwa bei."

Mjukuu wako Da-on ndiye aliyeshindwa kujizuia. "Kumbe Bibi ndiye aliyekuwa akipika vyakula visivyo na ukoo!"

"Funga mdomo wewe!" Gyeong-ran alifoka. Akamgeukia mama yake Da-on. "Na wewe, unamzulia marehemu mbele ya picha yake? Nani ajuaye kama hukuziweka mwenyewe?"

"Ni kweli, dada," Gyu-cheol akasema.

Alikuwa akitazama wali wake.

"Ni kweli. Mimi ndiye nilikuwa nikitumwa kununua, tangu udogo wangu. Alikuwa akinipa peremende nisimwambie mtu."

Hapo hasira ilihama, Mama. Ilikuacha wewe uliye pichani ikamwendea aliye hai. Kikulacho ki nguoni mwako.

"Ulijua," Seon-hui alisema. Hakupaza sauti, na ingekuwa afadhali angepaza. "Baba Da-on, ulikuwa unajua."

"Mama Da-on, nisikilize kwanza. Bibi yangu alimtesa Mama mno. Alipoolewa, siku moja bibi alimpindulia meza nzima, mchuzi wa moto ukamwagikia mapajani, eti hana mkono. Jirani ndiye aliyemwonyesha huo unga. Mama alikuwa anaogopa tu."

"Kwa hiyo alijua inavyouma."

"Ndiyo, ndiyo maana nasema..."

"Alijua inavyouma, na akanifanyia mimi. Na wewe ulijua dawa ilipo, ukakaa kando yangu unakula wali."

"Nilitaka amani ndani ya nyumba."

"Amani ya nani? Mimi nilikuwa naishi nyumba gani?"

Mkuki kwa nguruwe, Mama, kwa binadamu mchungu. Lakini wewe ulikwishachomwa nao, uchungu wake unaujua, kisha ukauokota huo huo ukamlenga mtoto wa watu.

Gyeong-ran alijifuta uso, akageuza wimbo. "Haya, yamekwisha. Tuyafunike humu humu ndani. Shangazi wa Naju wakisikia, watatucheka mpaka kaburini. Tangazo la kumbukumbu lenyewe limeshaandikwa, linasema Mama alikuwa na mkono wa dhahabu, na majina yetu yote yapo chini yake."

"Langu litoeni."

"Wifi, jamani!"

"Litoeni, ama muandike ukweli. Mkono huo wa dhahabu umenipiga kofi ujana wangu wote. Jina langu halikai chini yake."

Akaondoa sufuria mezani, akamwaga mchuzi wote kwenye sinki, mbele yako, na tangu jioni hiyo hakuwasha jiko. Tulikula tambi za pakiti asubuhi na jioni. Da-on alisema ndiyo mapishi halisi ya ukoo. Gyu-cheol hakucheka.

Siku ya Jumamosi alichukua simu, akasimama nayo jikoni, akaiwekea sauti kubwa ili mkewe asikie kila neno. Aliwapigia shangazi wa Naju, mmoja baada ya mwingine. Kila mmoja alimwambia vilevile: "Shangazi, ile siku mliyokuja kumtazama mke wangu, Mama aliwaambia hana mkono. Ulikuwa uongo. Mama ndiye aliyekuwa akitia unga wa dukani, na mimi nilijua." Wawili walikasirika, wakamuuliza kama amelewa. Shangazi mkubwa alicheka mpaka akakohoa.

"Mtoto wee! Ndiyo hilo tu la kunipigia simu? Hata mimi natia! Ulidhani nani hatii?"

"Seon-hui hatii, Shangazi. Hajawahi."

"Hajawahi?" shangazi akauliza. "Siku ile ya kwanza... ule mchuzi ulikuwa wa dagaa watupu?"

"Watupu."

"Basi ulikuwa mtamu," shangazi alisema polepole. "Nakumbuka. Nilitaka kuomba nyongeza, mama yako akaweka kijiko chini."

Seon-hui alikuwa ameshika ukingo wa sinki kwa mikono miwili. Alitoka jikoni bila kumtazama mumewe, akavaa koti, akaenda kutembea kando ya mto mpaka giza likaingia.

Mkono wa dhahabu tumeukata kwenye tangazo, Mama, kama unavyoona. Pumzika huko uliko, na kama mama mkwe wako yuko karibu, mwambie naye ayasome haya.

Wanaokukumbuka ni binti yako Gyeong-ran, aliyetaka nusu ya maneno haya ifutwe. Mjukuu wako Da-on. Mwanao Gyu-cheol, aliyeshika kalamu. Na mkwe wako Seon-hui, ambaye mkono wake una ladha, ulikuwa nayo tangu siku ile ya kwanza, na wewe ulionja ukajua.

Tutakukumbuka siku zote. Kusamehe ni juu yake Seon-hui, na hatumharakishi.