Kanga Juu ya Dirisha Jeupe

Jumatatu, 9 Juni 2025
Kaja Mama Shaban, fundi cherehani wa mtaa wa nyuma. Memori kadi ya simu ya marehemu mwanawe kaifunga kwenye kitambaa. Shaban alikuwa utingo, lori lilimmaliza Igunga. Simu ilisagika, kadi ikapona — nusu. Ndani kuna video anamtania mama yake. Sauti yake haipo kwingine popote. Anataka ndugu waisikie Ijumaa, baada ya hitima.
Nikamwamkia, nikamwambia umefika. Mimi nimetengeneza kompyuta Kariakoo, Kampala, Bujumbura. (Bujumbura nilipita tu.) Kazi ya msiba sitozi. Nikaichomeka kwenye laptop, nikawasha programu ya kufukua mafaili. Inafukua.

Jumanne, 10 Juni 2025
Picha zimeanza kutoka. Mbuzi. Tairi. Mbuzi tena. Msichana kajifunga taulo — hiyo nikaificha fasta.
Mchana ikafika kwenye video, dirisha la programu likaganda. Jeupe, kama limevaa sanda. Juu limeandika haliitikii. Mama kidogo aanguke. Nikamwambia: weupe huo maana yake linakusanya sauti. Uongo, ila una nusu ya ukweli — ukilingoja huwa linarudi, kazi inaendelea chini kwa chini. Kinachoua ni kubofyabofya. Ndiyo maana mimi laptop naifunika kanga. Asiyeona habofyi. Mbinu hii hata Dar hawana.

Jumatano, 11 Juni 2025
Bado jeupe. Feni inaunguruma. Eustace wa duka la jirani, msomi wa chuo, kachungulia: bro, umeifunika kama mgonjwa wa malaria, itakufa kwa joto. Nikamwambia akafute vumbi kwenye cheti chake. Mama kacheka, mara ya kwanza tangu msiba. Basi nimeshinda mimi.
Ila kweli ina moto. Nikainua kanga kidogo pembeni. Mama akaishusha.
"Usimfunue, mwanangu. Si umesema anakusanya sauti?"
Anasema *anakusanya*. Mtu.

Alhamisi, 12 Juni 2025
Mama kahamia hapa na msahafu. Anaisomea laptop Yasini. Wateja wanavua viatu mlangoni, duka la kuchaji simu limekuwa msikiti. Nilitaka kumwambia ukweli, akanimenyea chungwa. Nikala.
Eustace kapita, hakunitania. Hilo limeniuma kuliko matusi.

Ijumaa, 13 Juni 2025
Hitima imeisha. Mama kaniletea sahani ya pilau, ya kwangu ina nyama nyingi. Nilikuwa natafuna, nikasikia harufu ya waya kuungua. Halafu feni ikanyamaza. Nikapitisha mkono chini ya kanga. Moto kama pasi. Mwanga hakuna.
Mama kasikia kimya kilekile. Uso ukamng'aa.
"Amemaliza, ee?"
Mdomo wangu huu, uliowabishia Waganda sokoni kwao, ukasema: subiri kidogo, mama.
Yeye kasikia ndiyo. Kawapigia wote. Wanaingia, viatu vimejaa mpaka barabarani. Wifi yake, laptop anaiita TV, kauliza kwa nini imevikwa kanga. Mama kamjibu, nyamaza, mtoto anatoka. Eustace naye kaja, kavua vyake, kasimama nyuma kabisa, hanitazami.
Mama kakaa mbele. Kajifunga mtandio vizuri, kama anayepigwa picha.
"Haya mwanangu, mfunue."
Nimewaambia natafuta waya wa spika. Ndiyo naandika hapa, nimewapa mgongo, kama nasoma maelekezo. Waya nimeukalia. Mama anawaambia wasinikimbize, kijana huyu kazunguka dunia, anajua anachofa—