Wote Tukipumua Pamoja

Mpendwa Baba,

Jana nilikula fenesi la sokoni Kalerwe mpaka vidole vikagandana, nikakukumbuka. Wewe kila baada ya gwaride ulituletea kipande, bado umevaa sare ya bendi ya polisi, na Mama akikugombeza kwa sababu ya ulimbo kwenye vifungo.

Unazikumbuka Jumapili za mazoezi pale uwanjani kambini? Ulikuwa umejiviringishia lile tarumbeta kubwa kuliko mimi. Nilikuwa na miaka minane, na jambo moja lilinisumbua: wimbo ulikwenda bila kukatika, nanyi ni watu. Mlipumua saa ngapi?

"Tunaibia," ukaninong'oneza, ukimwonyesha mwenzako wa tarumbeta. "Mimi napumua, Okello anapuliza. Okello anapumua, mimi napuliza. Wote tukipumua pamoja, wimbo inakufa."

Kisha ukanisimulia, bila aibu hata kidogo, jinsi ulivyotaka kuwaonyesha wakubwa, enzi za ujana wako, kwamba mapafu yako ni ya chuma. Hukupumua. Ukaanguka mbele ya wageni, tarumbeta juu, wewe chini, na kofia ikabingirika mpaka miguuni pa mkubwa wa gwaride. Ulicheka hadi ukatoa machozi.

Mtoto wa nyoka ni nyoka, Baba. Mwaka huu nimefanywa msimamizi wa karakana ya kushona sare za shule hapa Nakawa, mafundi wanane na mimi. Shule zilipokaribia kufunguliwa nikatangaza hakuna kupumzika. Mimi mwenyewe nilikula nimesimama, tena nikijivuna. Wiki ya tatu tukatoa kaptula arobaini nzuri, zimepigwa pasi, na mifuko yote imeshonwa ikazibwa juu. Mimi ndiye niliyezikagua! Mwalimu mkuu akajaribu kuingiza mkono, akaniuliza kama watoto wake wamekatazwa kubeba leso.

Tulicheka sote isipokuwa Apio. Huyu ndiye fundi wangu bora, na rafiki yangu tangu tulipojifunza kushona pamoja. Jioni ile aliutoa mkasi wake kwenye msumari ukutani, akautia mkobani. Fundi akianza kurudi nyumbani na mkasi wake, ujue moyo umeshaondoka.

"Nyabo, mimi nakupenda," akasema, akiniita kwa heshima kama mkubwa wake, "lakini mwili imekataa. Namaliza mwezi tu, naenda."

Niliogopa sana. Kwa woga nikatoa amri nyingine ya kijinga: wote tupumzike Jumatano moja. Wateja wakagonga mlango mpaka komeo likalegea, na Alhamisi tukakuta kazi imerundikana maradufu. Hapo ndipo nilipoisikia sauti yako ya kule uwanjani.

Basi sasa tunaibia. Kila siku mmoja au wawili hawapo, na wa cherehani ya jirani wanashika kazi yao. Hata chai hatutoki pamoja. Niliwaeleza mafundi kwamba hii ni sheria ya bendi, nikawasimulia habari zako zote, na kofia pia, unisamehe. Mimi sikujipangia siku, si mimi ndiye msimamizi? Wakaniandikia wenyewe ukutani kwa chaki ya kushonea: Jumanne. Apio akaongeza kwa mdomo, "Hata wewe una mapafu, nyabo."

Ndiyo maana jana nilikuwa Kalerwe. Simu ikalia mkobani. Nikaona ni namba ya karakana, na mikono yangu imejaa ulimbo. Muuza fenesi akaitafuta chupa ya mafuta ya kuutoa polepole kama mtu aliyetumwa na wewe. Simu ikanyamaza. Niliwaza moto, niliwaza mwalimu mkuu. Halafu nikaomba kipande kingine.

Leo asubuhi nikauliza nani alinipigia.

"Ni mimi," Apio akasema, ameikazia macho sindano. "Nilitaka kuuliza kama msumari yangu umeshapatia mtu. Hukuchukua simu. Nikarudisha mkasi pale pale."

Ninauona kutoka hapa ninapokuandikia, unaning'inia mahali pake. Nimefurahi, Baba, ungekuwepo ningekushika mkono nikuonyeshe. Sasa acha nitoke nikanywe chai. Apio anapuliza.

Ni mimi binti yako,
mwenye mikono ya fenesi