Kilomita Nilizozirudisha Mwenyewe

Jumatatu, 3 Machi

Vumbi la saruji tangu saa moja asubuhi. Gereji yetu iko hapa Wazo, jirani na kiwanda, ndivyo ilivyo. Gari la kwanza teksi, rejeta imejaa maji ya bomba, yamekuwa rangi ya chai. Nikamwambia mwenye gari, maji ya bomba yanakula chuma, weka kulanti, ile dawa ya kupoza injini, na ibadilishwe kila baada ya miaka miwili. Akasema mie napenda hela. Akafungua mfuniko kwa mkono wake, injini inachemka. Maji yakamrukia. Ngozi ya mkono ilibambuka kama ya nyanya. Nilikuwa nammwagia maji baridi huku namtukana. Watu wanaleta gari kwa fundi halafu fundi hawamsikilizi.

Mchana kaja mdogo wangu Neema na mumewe, Elias, kutoka Kibamba. Wamenunua gari, yadi ya Tegeta. Furaha tupu. Jumamosi wanaenda nalo Morogoro na watoto wao wawili, kwenye kipaimara cha mpwa wetu. Nikaingiza kichwa kuangalia dashibodi. Pembeni ya kioo cha kilomita kuna mkwaruzo. Ni bisibisi yangu iliteleza mwaka jana.

Gari hili lilikuwa linasoma laki moja na arobaini elfu. Bosi wa yadi akaniita, nikazirudisha hadi sitini na mbili elfu. Kwa mikono hii hii. Na mkanda wa taimingi wa injini hii unatakiwa kubadilishwa kwenye laki moja.

Nimewaambia tu warudi kesho niangalie kulanti. Mwoga mkubwa mie.

Jumanne, 4 Machi

Kulanti kisingizio. Nimefungua kifuniko cha mkanda. Nyufa mwanzo mwisho, umelowa mafuta, meno mawili hayapo. Mkanda wa feni ukichoka unapiga kelele, mtaa mzima unasikia. Huu wa taimingi hausemi. Unakatika, injini inazima, stelingi inakuwa nzito kama jiwe, na nyuma yako lori la tani thelathini.

Nikamwambia Elias tubadilishe, na pampu ya maji humohumo. Akacheka. "Shemeji, kusoma hujui? Sitini na mbili elfu. Bado bichi hili." Nikamwonyesha nyufa. Akasema kila fundi ana nyufa zake za kuonyesha. Nikasema nafanya bure. Hapo ndo nikaharibu kabisa. "Wewe lini ulifanya kitu bure? Mnatoa kizima, mnaweka kibovu, kizima mnauza." Akasimama juu ya kichwa changu mpaka nikarudisha kifuniko.

Nikaficha ufunguo. Akanikaba shati. Nikampiga na spana ya kumi na saba. Jino la mbele limetoka, damu mpaka kwenye tai. Mtu mzima, karani, anatema damu kwenye oili chafu. Neema akanizaba kofi. "Una shetani gani wewe, kaka?"

Neno la kilomita nilikuwa nalo. Sikulisema. Wameondoka na gari.

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda yadi. Nilitaka bosi ampigie Elias, aseme yeye. Alikuwa anakunywa kahawa. "Ukisema, unajisema mwenyewe. Mkono ulikuwa wa nani?" Nikampiga ngumi ya mdomo, kikombe kikaruka. Niliona raha. Sidanganyi.

Walinzi watatu. Buti na rungu. Mbavu za kushoto, nadhani mbili. Kukohoa siwezi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimelala. Nimempigia Neema mara sita. Hapokei. Kutuma ujumbe nashindwa, nikiandika nafuta. Naogopa mdogo wangu ajue mie ni mtu gani kuliko ninavyoogopa afe. Nimeusoma huo mstari mara mbili. Nina hasira na nafsi yangu mpaka nimepiga kichwa ukutani.

Ijumaa, 7 Machi

Naandika kwa mkono wa kushoto.

Saa tatu asubuhi nilikuwa Kibamba. Elias anaenda kazini kwa basi, gari wanalitunzia safari. Nikaruka ukuta. Nia yangu niung'oe mkanda niondoke nao, gari lisiwake, basi. Nilishafungua boneti na kifuniko. Jirani akachungulia. "Mwizi!"

Sijui walitoka wapi. Mawe kwanza. Halafu fimbo, halafu tofali, ndo mkono ukavunjika. Mama mmoja na mwiko wa ugali. "Arobaini zake zimefika!" Mtu akaviringisha tairi. Nikasikia harufu ya petroli na nikajikojolea. Naandika maana ndo ilivyokuwa.

Neema akatoka na kanga. "Ni kaka yangu! Mwacheni!" Hawakuacha. Kaka gani anaruka ukuta? Na yeye akaniangalia, kumbe anasubiri jibu lilelile.

Nikalisema. Kwa sauti, mtaa wote, damu mdomoni. "Kilomita nimezirudisha mie! Limetembea laki moja na arobaini! Mkanda utakatika na watoto wako ndani!"

Mwenye tairi akalilaza chini. Jirani akainama kwenye boneti, akaupinda mkanda kwa kidole, ukachanika.

Neema akamnyang'anya mtu fimbo. Akanichapa mgongoni, mara tatu au nne, analia. Hakuna aliyemzuia. Halafu akawaambia nendeni majumbani kwenu.

Jumamosi, 8 Machi

Plasta mpaka kwenye kiwiko. Wamekwenda Morogoro kwa basi.

Jumapili, 9 Machi

Mvua tangu asubuhi. Mbavu zimepoa kidogo.

Jioni kaja Neema, peke yake. Hakuniamkia. Tangu ajue kusema hajawahi kuniruka shikamoo. Akaweka uji mezani, akakaa, nikanywa. Akasema fundi mwingine kaweka mkanda mpya na pampu, kamwaga maji yote kaweka kulanti. Elias hataki kuniona. Nikasema ana haki.

Akaosha kikombe. Mlangoni akauliza, "Na magari mengine? Ulirudisha mangapi?"

Akaondoka.

Nimekaa na karatasi kuyaandika. Nimekumbuka namba za magari manne. La tano namba siikumbuki. Lilikuwa jeupe. Mama aliyelinunua alikuja kulichukua na kiti cha mtoto mkononi, akaniomba nimsaidie kukifunga nyuma. Nikakifunga.